Bi Jokha na Bomba la Jikoni

Mpaka anatimiza miaka hamsini na saba, Bi Jokha Abdulwakil alikuwa hajawahi kushika spana. Kwao Wete, Pemba, mambo ya kufungua na kukaza yalikuwa ya kaka zake. Hapa London, alikokuja na mumewe baada ya machafuko ya Januari 2001, kulikuwa na nambari ya simu. Ukipiga, anakuja mtu. Ndivyo alivyoizoea nchi hii: kila tatizo lina nambari yake, na kazi yako ni kusubiri zamu.

Alikuwa karani. Kwa miaka kumi na tisa alikaa katika ofisi moja pale Hounslow akiwaandikia wagonjwa barua za miadi ya kliniki. Mumewe, Bwana Himid, aliendesha basi mpaka mgongo ukamkatalia. Binti yao wa pekee, Najla, ameolewa Leicester. Najla anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na mamake ameshaacha kulalamika.

Agosti 2024, fujo za watu wanaopinga wageni zilipozuka katika miji kadhaa, meneja aliwaambia makarani waondoke mapema. Jokha aliteremka kwenye basi saa nane mchana akakuta maduka ya mtaani yameshusha milango ya chuma. Mtaani kwao hakikutokea kitu. Hata hivyo yeye na Himid walijifungia siku tatu, wakila kilichokuwamo kwenye friji, na siku ya tatu friji ilikuwa na limau na nusu chupa ya achari.

"Safari hii tutahamia wapi?" Himid aliuliza, macho kwenye simu.

Jokha alikuwa jikoni akijaribu kulifunga bomba lisilofungika. Lilikuwa likidondosha tangu mwezi wa nne. Alishawapigia simu wenye nyumba mara sita, na mara zote sita alipewa nambari ya kumbukumbu na ahadi ya kupigiwa.

Baada ya wiki ile kila mmoja aliitafuta dawa yake. Ya Himid ilikuwa mchele. Alianza kuleta magunia ya kilo ishirini, moja chini ya kitanda, mawili nyuma ya mlango, na nafasi ilipokwisha akayasukuma mengine kwenye kabati chini ya sinki.

"Wewe nicheke tu," alimwambia mkewe. "Vita huku, ushuru kule, na hawa wakubwa wa hapa wenyewe hawajui kesho yao. Siku duka likiwa tupu utanishukuru."

"Na utaupikia maji gani?"

"Maji si yapo?"

"Yapo kwa sababu kuna mtu anayaleta. Mimi hata hili linalodondosha siwezi kulizuia."

Aliyasema kwa mzaha, lakini maneno yake mwenyewe yalimkaa kichwani. Novemba ofisini wakaitwa kikaoni, wakaambiwa barua sasa zitaandikwa na mashine, na kufikia Machi makarani saba kati ya kumi hawatahitajika. Jokha hakulia. Kwenye basi alijiuliza mikono yake inajua kufanya nini, akapata majibu mawili: kupika na kuchapa. Hilo ndilo lililomkasirisha.

Kwenye maktaba aliona tangazo la mafunzo ya bure ya kutengeneza vitu vya nyumbani, kila Jumamosi asubuhi, Southall. Alijiandikisha siku hiyohiyo na hakumwambia Himid mpaka Ijumaa.

Ukumbi ulikuwa mdogo, na juu ya meza ndefu zilipangwa koki za zamani. Mwalimu alikuwa fundi bomba mstaafu, mzee Mhindi mwenye sweta ya kijani, jina lake Mitesh. Alieleza kwa Kiingereza, akagawa vifaa, akawaacha wahangaike. Jokha alihangaika kuliko wote. Koki yake ilikataa katakata.

"Ewe Mola wangu, hii nayo inafunguliwa wapi?" alijinong'oneza.

"Geuza kushoto, mama," sauti ilisema nyuma yake. "Kushoto. Ile mkono ingine."

Nusura aidondoshe spana. Alikuwa Mitesh mwenyewe, ambaye alizaliwa Kisumu na kukulia dukani kwa baba yake, akaja Uingereza akiwa na miaka kumi na minane.

"Wewe ni wa Mombasa?" aliuliza.

"Wa Pemba."

"Ndiyo maana unaongea kama kitabu."

Kwa Jumamosi tatu Jokha alifungua na kufunga koki mpaka vidole vikaota sugu. Alijifunza kwamba bomba likidondosha, mara nyingi mbovu ni kile kipande kidogo cha mpira kilicho ndani, na kukibadilisha ni kazi ya dakika kumi. Mitesh alikuwa na sharti moja, akilirudia kila wiki.

"Usiguse kitu kabla ya kujua maji inafungwa wapi. Ukijua hiyo, kosa yoyote ingine tunaweza kurekebisha."

Jumapili moja ya Januari, baada ya chai, Jokha alivaa glovu, akatandika gazeti sakafuni na kujiingiza chini ya sinki. Magunia ya mchele yalikuwa yameziba nusu ya kabati. Aliiona koki moja ya kufungia, akaifunga. Akafungua bomba la moto: kavu. Akaridhika. Hakukumbuka kwamba bomba la moto lina koki yake na la baridi lina yake, na kwamba lililokuwa likidondosha siku zote ni la baridi.

Alipoifungua skrubu ya mwisho ya bomba la baridi, kichwa cha bomba kiliruka na maji yakapiga dari.

"Jokha!" Himid alikuja mbio na taulo moja ya mkono. "Umefanya nini? Funga!"

"Koki ya pili iko nyuma ya mchele wako! Vuta hayo magunia!"

Himid akasahau mgongo, akavuta. Gunia la kwanza lilikuwa limeshalowa, likachanika, mchele ukamwagika na kusambaa majini. Jokha alijilaza ndani ya maji, akaipapasa koki ya pili ukutani, akaishika kwa mikono miwili na kuigeuza. Haikuguswa kwa miaka. Ilipiga kelele, ikakubali kidogo, kisha ikafunga. Wote wawili walibaki wamekaa sakafuni wakihema, maji yakiwafika kwenye vifundo, na hakuna aliyemwangalia mwenziwe.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa mama wa ghorofa ya chini, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, amevaa gauni la nyumbani na kilemba. Jokha alimjua kwa sura. Kwa miaka minane walipishana kwenye ngazi wakiambiana habari za baridi kwa Kiingereza. Mama yule alianza kwa Kiingereza, kwa adabu, kwamba maji yanaanguka jikoni kwake. Halafu akachungulia ndani, akaona sakafu, akaona mchele, akaona Himid na suruali yake inayochuruzika, akashika kichwa.

"Mungu yangu," alisema peke yake, "na leo njo siku yangu ya kupumzika."

Jokha alimtazama. "Umesema nini?"

Mama yule akamgeukia. "Unasemaka Kiswahili?"

"Tangu kuzaliwa."

"Miaka munane, mama! Miaka munane ninakusalimia na Kiingereza! Mi nilizania uko Msomali."

"Na mie nilidhani wewe Mghana."

Walianza kucheka palepale mlangoni, na kila walipojaribu kunyamaza wakamwona Himid na taulo yake, wakaanza upya. Jina lake lilikuwa Marie-Claire, mzaliwa wa Bukavu, na alifanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao.

Walishuka wote kuangalia. Dari ya Marie-Claire ilikuwa na doa la ukubwa wa sinia. Jokha aliomba radhi mara tatu. Marie-Claire alisema dari ni dari tu, itapakwa rangi. Akachemsha chai, nao wakakaa, na kwa vile mazungumzo yote ya miezi ile yaliishia huko, wakajikuta wanaizungumzia wiki ile ya Agosti.

"Mi nilijifungia siku tatu," Marie-Claire alisema. "Hata dirisha sikufungua. Nilikuwa nakaa hapa, kwa hii kiti, ninasikia nyinyi muko mnatembea juu. Nikasema, hawa wako wengi, hawaogope kitu."

Jokha aliweka kikombe chini. Yeye naye siku zile alisikia kiti kikiburutwa huko chini, akadhani ni mtu aliyetulia na shughuli zake. Akamshika mkono.

Walipopanda tena, lilibaki suala la mchele. Magunia mawili yalikuwa yamelowa mpaka ndani. Himid alitaka kuukausha kwenye oveni.

"Haitakauka, baba," Marie-Claire alimwambia. "Kesho itanuka."

"Basi tumwage kilo arobaini?" Sauti ya Himid ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia.

"Nani kasema tumwage?" Jokha alisema. "Mchele uliolowa si ndio unaosagwa? Tutapika mkate wa kumimina."

Marie-Claire alishuka kuchukua blenda yake. Kwa blenda mbili, makopo yote ya tui la nazi yaliyokuwamo ndani, hamira na sukari, walisaga na kupika tangu adhuhuri mpaka magharibi. Hawakuumaliza, uliobaki wakausaga, wakaugandisha kwenye mifuko. Sufuria zilipokwisha walitumia trei za keki, na mikate ikatoka ya pembe nne. Marie-Claire hakuwahi kuula mkate huo, akala vipande vinne akiwa amesimama. Himid ndiye aliyetumwa kugawa. Aligonga kila mlango wa jengo lile, jambo ambalo hakulifanya hata mara moja kwa miaka yote waliyoishi pale, akarudi na sahani tupu na habari nyingi: nani ni mgonjwa, nani alikuwa fundi wa ndege, nani naye bomba lake linadondosha.

Walipobaki wawili alikaa kwenye sofa bila ya simu.

"Mimi ule mchele nilikuwa nauweka kwa ajili yenu," alisema.

"Najua, Baba Najla."

"Sikujua kitu kingine cha kufanya."

"Najua."

Jumamosi iliyofuata Jokha alimsimulia Mitesh mkasa mzima. Mzee alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Mimi mwaka wa kwanza nililowesha benki," alisema. "Benki, mama! Na karatasi zao zote." Kisha akamfundisha kufunga kila koki na kulijaribu kila bomba, moja baada ya jingine, kabla ya kufungua chochote. Jioni hiyo Jokha alibadilisha ule mpira wa bomba la baridi. Alisimama mbele ya sinki kwa robo saa nzima akingoja tone. Halikuja.

Machi ilipofika kazi ilikwisha, kama walivyoambiwa. Alikaa miezi mitatu bila ya kazi, na hiyo haikuwa miezi mizuri. Alituma maombi mengi, akajibiwa machache, na kuna siku hakutoka kitandani mpaka saa tano. Ufundi wa bomba haukumpatia ajira. Nani amwajiri mama wa miaka yake, mwenye cheti cha Jumamosi kumi? Mwishowe alipata kazi ya nusu siku katika ofisi ya shule ya msingi, ileile ya makaratasi. Lakini katika jengo lao watu walianza kumgongea. Alibadilisha mipira ya mabomba, akazibua masinki, akamfundisha kila mmoja mahali maji yanapofungwa, na palipomzidi alisema wazi kwamba hapa panataka fundi wa kweli. Himid alijiandikisha katika mafunzo hayohayo, upande wa umeme, na sasa nyumbani hakuna swichi iliyobaki salama.

Dari ya Marie-Claire waliipaka rangi pamoja mwezi wa nne, Jokha juu ya ngazi na mwenyewe akielekeza. Makopo matupu ya rangi Marie-Claire hakuyatupa. Aliyatoboa chini, akajaza udongo, akayapanga kwenye ubaraza mbele ya mlango wake na kuotesha lengalenga, ambao Jokha anauita mchicha.

"Mama yangu alikuwa anauzisha hii mboga ku soko," alisema. "Mi sikutaka kujifunza. Nilikuwa nasema, nitasoma, nitafanya kazi ya ofisi."

Mbegu za kwanza walizipanda mapema mno, baridi ikaziua. Za pili zililiwa na konokono. Za tatu zilishika, na kila asubuhi mmoja wao alishuka au kupanda kumwambia mwenziwe zimefikia wapi.

Mwisho wa Juni walivuna. Majani yalionekana mengi kwenye beseni, lakini motoni yakanywea yakawa sufuria moja ndogo. Jokha aliyaunga kwa nazi, Marie-Claire akaleta bugali, ugali wa kwao, wakala watatu kwenye meza ya jikoni huku ndege za Heathrow zikipita juu moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeshiba. Himid aliipangusa sahani yake, akatazama sufuria, akauliza makopo mengine ya rangi yanapatikana wapi.