Tulivyoanza geocaching kama familia hapa Karagwe, na ile safari ya Mabira niliyoikwepa miaka mitatu

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kisa hiki ni changu na hakina chumvi. Ningetia chumvi ningejipamba mimi mwenyewe, na mtaona humu ndani sijapambika hata kidogo.

Mimi ni Mhaya wa Muleba, nauza pembejeo hapa Kihanga. Mke wangu nilimuoa akiwa mjane mwenye binti mmoja, Koku, sasa ana miaka kumi na moja. Baba yake mzazi alikuwa mtu wa Mabira, kule Kyerwa. Alifariki Koku akiwa na miaka sita.

Koku hana shida na mtu. Asubuhi anapiga magoti, shikamoo, vyombo anaosha, darasani yuko vizuri. Ila hakuwahi kuniita chochote. Si baba, si mzee, si anko. Akinitaka anakuja kusimama mbele yangu mpaka nimuone.

Hiyo kitu inauma wakuu. Acheni tu.

Halafu nilikuwa na hofu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Niliogopa watu wa Mabira watamdai, au mbaya zaidi, aende mwenyewe kusalimia na asitake kurudi.

Kwa hiyo miaka mitatu ya ndoa sikukanyaga Mabira. Mama yake akigusia, namwambia huu ni msimu wa mbolea, duka litaachwa na nani. Uongo mtupu.

Sasa tuje kwenye geocaching. Kwa wasioijua: mtu anaficha kopo mahali, anaweka location kwenye app, wengine wanalitafuta kwa GPS ya simu. Ukilipata unaandika jina lako kwenye kijitabu kilichomo, unalirudisha palepale.

Niliona video yake nikamwonyesha Koku. Akaja kukaa karibu yangu kwenye kochi bila kuitwa. Haijawahi kutokea.

Tukafungua app. Upande wetu huu ramani tupu, sikuona hata kopo moja. Koku akasema basi tufiche la kwetu.

Jumamosi tukachukua kopo la siagi, tukatia daftari dogo, penseli na gololi moja. Mimi, mama yake na yeye tukaenda kulificha chini ya mgomba kwenye kibanja cha jirani. Tena kwenye mpaka kabisa, kwenye ile mimea ya alama.

Mmeshaanza kucheka, eeh?

Kesho yake jirani kalikuta. Kajua karogwa. Mwenyekiti wa kitongoji kaitwa, watu wamejaa, hakuna anayethubutu kuligusa. Nikafika jasho linanitoka, nikalifungua mwenyewe mbele ya umati. Gololi ikadondoka, mama mmoja akatoka mbio na kanga mkononi.

Mwanaume mzima mwenye duka, nasimama kuwaeleza wazee kwamba ni mchezo! Tuliomba radhi, jirani akaelewa. Lakini mpaka leo akija dukani ananiuliza leo nimemfichia nini.

Basi tukaweka sheria: hakuna kuficha bila kumwomba mwenye eneo. Kila Jumamosi tukawa tunabisha hodi, tunasalimia, tunaeleza.

Na mnawajua wazee wa huku. Shikamoo haijaisha wameshamuuliza Koku: wewe ni mtoto wa nani? Yeye anaangalia chini, mama yake anamjibia, mimi najifanya nahangaika na simu.

Miezi minne ikaenda hivyo. Siku moja nikampa simu achague mahali pa kopo jipya. Akaivuta ramani, akapita Kibingo, akaweka pin Mabira.

Nikamuuliza, kule tutamwomba nani ruhusa?

"Kule hatuombi," akasema. "Ni kwetu."

Chakula kilinishinda siku mbili. Nikamwambia mke wangu ampeleke yeye. Akakataa katakata. Akasema kama wanamtaka mtoto, wamtake mbele yangu, yeye ameshachoka na misimu ya mbolea.

Tukaenda kwa pikipiki yangu, mimi na Koku. Mwisho njia ikawa ya miguu, tukashuka tukasukuma.

Nyumbani kwao tulimkuta bibi yake anageuza kahawa kwenye mkeka, na baba yake mdogo anakata majani ya ng'ombe. Bibi hakumtambua. Miaka mitano ni mingi kwa mtoto. Akauliza swali lao lile lile.

Safari hii mama wa kumjibia hayupo, na mimi najifanya nahangaika na kuvua helmeti.

Koku akapiga magoti. "Mimi ni wa Byarugaba."

Tangu nimjue sijawahi kumsikia akitaja jina lile la baba yake. Bibi akakaa chini juu ya kahawa yake, akamvuta, akamshika uso kwa mikono miwili, akawa analia na kumtaja mwanae.

Nami nikalia, helmeti mkononi. Si kwa wivu, niliona aibu. Yule mama nilimnyima mjukuu kwa sababu ya woga wangu.

Tukapewa kahawa za kutafuna, tukala ndizi. Bibi alielezwa mchezo akauona ni wa watu wasio na kazi. Lakini mwenyewe ndiye aliyechagua pa kuweka kopo, kwenye migomba nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kaburi la mwanae. Koku akaandika jina lake, akanipa penseli.

Jua lilipogeuka, baba mdogo, mtu mpole tu, akamuuliza Koku waziwazi kama angependa kubaki kwao.

Swali ndilo hilo nililolikimbia. Nilitaka kuingilia, nikajizuia.

Koku akaja kusimama kando yangu.

"Huyu ndiye aliyenileta," akamwambia. "Na ndiye anayenirudisha. Tutakuja tena."

Wakuu, nilidhani mtoto akipajua kwao ataniacha. Nilikosea, na kosa langu lilimgharimu yeye na bibi yake. Kama unalea mtoto wa marehemu, mpeleke kwao. Nenda naye wewe mwenyewe, usimtume na mtu.

Siku hizi tunaenda kila mwezi, na mama yake yumo.

Wenzangu mnaolea watoto mliowakuta, semeni ukweli hapa chini: wenu walichukua muda gani kuwaita baba? Wangu bado. Nauliza tu, sina haraka tena.