Mikono ya Hitima

Enzi za ruksa nilikuwa katibu wa kamati ya mtaro hapa Keko, na mikutano yangu haikuwaga na watu. Siku moja nikasikia kwa Bi Mwanaidi kuna hitima, uani kumejaa. Nikaenda kuomba niseme neno.

"Sema upesi, baba," akaniambia.

Nikaeleza maji yanavyotuingilia vyumbani kila masika. Kisha nikainama kutafuta kalamu mkobani. Nikamsikia sheikh akinong'ona na watu wakiitikia "Amin", nikajua hotuba imewaingia. Bila kuinua kichwa nikasema, "Anayekubali kuchimba Jumamosi anyooshe mkono."

Kutazama, mikono juu ua mzima, hata vikongwe! Mie Mkristo wa Masasi, machozi yakanilenga. Nikahesabu kwa sauti mpaka arobaini na moja. "Asanteni, ndugu zangu. Sasa shusheni."

Hakushusha mtu.

Bi Mwanaidi akanivuta suruali. "Kaa chini, baba. Sheikh kadhani umemaliza. Hiyo dua."

Dua ilipokwisha, sheikh akanigeukia akitabasamu. "Haya katibu, uliza tena."

Nikauliza. Ukanyooka mkono wake, ukafuata wa Bi Mwanaidi, kisha wengine wakanyoosha huku wakicheka. Safari hii sikuthubutu kuhesabu.