Zamu Yetu ya Kupura

Nilianguka mchana kweupe, uani kwa jirani, katikati ya wanawake kumi na wawili wenye fimbo mikononi. Tulikuwa tunapura maharage. Huku kwetu, pembeni mwa Karatu, kazi hiyo haifanywi na mtu peke yake. Leo tunapura kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka kila nyumba ipate zamu yake. Nyumba ambayo watu hawaendi imeshatolewa kikundini, hata kama hakuna aliyetamka.

Nilizinduka nikiwa na ladha ya damu mdomoni na kiatu cha mtu puani. Kipande cha jino hakikuwepo. Mwenye nyumba alikuwa amenisukumia mwiko katikati ya meno, kisha akaruka nyuma. Wengine walisimama mbali, maana wanaamini povu la kifafa likikugusa, unaupata.

"Mtu mzima hawezi kuanza kifafa," mmoja alisema. "Huyu amerogwa."

"Ni vitabu," akasema mwingine. "Anasoma kama anafukuzwa."

Zamu iliyofuata ilikuwa yetu. Mimi na mama, wawili tu, na shamba zima la maharage yaliyokwisha kung'olewa, yanakauka juani.

Daktari wa hospitali aliniuliza kama kuna kitu nilikuwa nasikia kabla ya siku ile. Nikataka kusema hapana. Halafu nikakumbuka miezi minane iliyotangulia.

Kwanza ilikuwa harufu ya nywele zinazoungua. Nilikuwa natoka nje kuchungulia kwa majirani nani anaunguza nini. Kisha kitu kikawa kinapanda toka tumboni hadi kooni, kama maziwa yanayotaka kumwagika, na yaliyokuwa yakitokea yakawa kama yalishanitokea zamani: meza ile ile, jogoo yule yule, sentensi ile ile ya mama. Dakika moja, pengine pungufu, basi. Mimi ni mwandishi, na nikafanya kosa la mwandishi: nilidhani ni kipaji. Kila ilipokuja nilikimbilia daftari. Mwandiko ulianza vizuri, kisha ukateleza hadi chini ya ukurasa, na mara nyingine nilikuta mstari ambao sikumbuki kuuandika. Nikawasomea wenzangu wa kikundi chetu cha waandishi kule Arusha. Wakanisifu. "Hapo umegusa," walisema, nami nikarudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa.

Mama aliona zaidi yangu. Alisema nanyamaza katikati ya mazungumzo, macho wazi, natafunatafuna midomo kama naonja chumvi, vidole vya mkono wa kulia vinarukaruka. "Unaniacha naongea na ukuta," alilalamika.

"Nawaza, mama."

Vidole tulivisingizia baridi inayoshuka kutoka Ngorongoro.

"Hukuwa unawaza," daktari alisema. "Vile vipindi vifupi navyo vilikuwa kifafa. Kinaweza kuanza umri wowote." Akaniandikia vipimo na vidonge. Sikulia. Nilikasirika, na hasira ile ilinisaidia kutembea hadi stendi.

Nyumbani nilikuta mipango imekamilika bila mimi.

"Tutasema umekwenda Arusha," mama alisema. "Ni siku moja tu, mwanangu. Wakisikia hupo, watakuja."

"Na zamu inayofuata?"

"Tutasema hujarudi."

Shangazi, aliyekuja kunijulia hali, alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele. "Tunakusitiri. Watu wakijua, nani atakuoa?"

"Shangazi, kabla sijaanguka, nani alikuwa amepiga hodi?"

Mama alicheka bila kutaka, kisha akajifuta macho kwa kanga. Nikawaambia sitafichwa chumbani kama gunia la mbolea. Kama watu hawataki kuja, basi wakatae wakiwa wanajua ukweli.

Kesho yake nikapita nyumba kwa nyumba. Nilianza kwa mwenye mwiko.

"Saita," nilimsalimia kwa lugha ya wenyeji wa Karatu.

"Saita. Umefuata mwiko?"

"Nimefuata jino langu."

Alicheka hadi akashika mlango. Nikamwambia nina kifafa, natumia dawa, sikurogwa. Nikamweleza kwamba nikianguka wanilaze ubavu, waniwekee kitu laini chini ya kichwa, wasitie chochote mdomoni, na waangalie saa. Ikipita dakika tano, watafute gari la kunipeleka hospitali.

"Na povu?"

"Ni mate, mama. Haya haya ninayoongelea na wewe sasa."

Akajifuta shavu kwa haraka, kisha akajicheka mwenyewe. Nyumba nyingine nilisikilizwa nikiwa nimesimama nje. Kwingine mlango ulifungwa nikiwa bado nasema.

Siku yetu ilipofika walikuja watano. Mama alihesabu mara mbili. Mimi nilitandika turubai, tukapanga maharage, tukaanza. Jua lilikuwa kali na vumbi la maganda likatujaa kope.

Katikati ya kazi ikaja harufu. Nywele zinaungua. Safari hii sikutafuta daftari. Nilitupa fimbo pembeni, nikakaa chini, nikasema kwa sauti: "Imekuja."

Fimbo zote zikasimama. Nilisikia mmoja akirudi nyuma. Kisha mkono mgumu, wenye vumbi, ukanishika kiganja, na sauti ya mwenye mwiko ikasema, "Nani ana saa?" Kitu kile kikapanda hadi kooni, kikakaa, kikashuka. Sikuanguka. Nilipoanza kuona vizuri alikuwa bado amenishika, ananikagua usoni kama anayechagua nyanya sokoni.

"Tayari?"

Nilinyoosha mkono kuitafuta fimbo yangu. "Tayari."

"Basi pumzika, kisha uinuke. Tuko wachache, na maharage hayatajipura yenyewe."