Mchwa wa Nyuma ya Karakana

Sheria yake ilikuwa moja, na aliishika tangu utotoni: hasomi habari za mtu ambaye hakuzaliwa. Bibi yake alipowasimulia wajukuu visa vya sungura na fisi, wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Yeye aliuliza sungura huyo alikuwa wa shamba la nani, na nani alikuwepo akamsikia akisema. Bibi akasema mtoto huyu atawahoji mpaka kaburini, na hapo hapo akampachika jina la Hakika. Shuleni alipopewa zawadi ya kitabu cha hadithi kwa kushika nafasi ya kwanza, alibadilishana na mwenzake kwa kitabu cha jiografia kisicho na jalada, akaona amempunja mwenzake.

Watu walidhani ni ugonjwa wa utoto utakaopona. Haukupona. Aliolewa, akazaa, akawa fundi katika karakana ya kushona sare za shule, na bado alikuwa Bi Hakika yule yule. Alisoma vitabu vya mifupa, vya volkano, vya namna chumvi inavyopatikana, na riwaya alizipita kama mtu mwenye heshima zake anavyopita mlango wa kilabu cha pombe.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Asubuhi vyerehani vilinguruma na hakuna aliyemsikia jirani yake. Baada ya chakula cha mchana vilinyamazishwa, maana ulikuwa wakati wa kazi za mkono: vifungo, pindo, kukata nyuzi. Hapo fundi mmoja aliketi kwenye stuli ya dirishani akawasomea wenzake, na mashati yake waligawana wao wayamalizie. Stuli ilikaliwa wiki nzima, kisha zamu ikahama. Asiyependezwa na kisomo hakubishana. Aliinuka kimya, akalirudisha mapajani mwa msomaji shati alilokuwa akimsaidia kulimaliza. Mashati yakirudi yote, msomaji amevuliwa stuli, na hataikalia tena.

Kwa kweli stuli ilikuwa mali ya Redio. Redio alikuwa fundi wa kola, mwanamke mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na alikuwa shoga yake Bi Hakika wa kufa na kuzikana. Walikuja kazini pamoja na kurudi pamoja. Yeye alisoma riwaya za mapenzi, tena kwa sauti ya kila mhusika, na wenzake zamu zao zilipofika walimwachia. Bi Hakika naye aliiacha ya kwake ipite, akashona vifungo amekunja uso.

Siku moja karakana nzima ililia kwa sababu kijana wa riwayani alizama mtoni akimfuata mchumba. Fundi mkuu mwenyewe alijichoma kidole kwa machozi. Bi Hakika akasema, bila kuinua macho, kwamba hakuna aliyezama.

Redio alifunga kitabu. "Basi wiki ijayo chukua zamu yako, mwenzangu. Tusomee hayo yako ya kweli, tuone nani atabaki macho."

Wakacheka. Bi Hakika alijua kwamba akivuliwa stuli mbele ya watu wale, kila alichokipenda tangu utotoni kitakuwa kichekesho cha karakana mpaka anastaafu. Akachagua kitabu cha mchwa.

Jumatatu alikosea kosa ambalo yeye pekee angeweza kulikosea. Aliamini kuruka ukurasa ni aina ya uongo, kwa hiyo akaanza na dibaji, akaingia kwenye orodha ya vifupisho, akaisoma yote, kisha shukrani. Mwandishi alipofika kumshukuru mkewe, mashati matatu yalikuwa yamesharudi mapajani mwake, na fundi wa suruali alikuwa akikoroma na sindano mkononi.

Jioni, njiani, Redio alimwonea huruma. Alimshauri ampe malkia wa mchwa hawara, na askari mmoja mwenye wivu. Nani angejua?

"Ningejua mimi," alisema Bi Hakika.

Kesho yake aliingia moja kwa moja ndani ya kichuguu. Alisoma juu ya malkia aliyevimba hata hawezi kutembea, na mfalme anayekaa ubavuni mwake miaka nenda rudi.

"Hana mke mwingine?" aliuliza Shangazi, mkongwe wa karakana.

Bi Hakika akarudi kwenye ukurasa kuhakikisha. "Wa aina hii, hana."

"Hebu soma tena hapo, mwanangu. Taratibu."

Alisoma tena. Alisoma juu ya vibarua vipofu wanaojenga gizani, na askari ambao taya zao ni kubwa kiasi kwamba hawawezi kujilisha, sharti watiliwe chakula mdomoni. Fundi wa suruali, ambaye sasa alikuwa macho, akasema kumbe mumewe ni askari siku zote na hakuambiwa. Karakana ikaangua kicheko, na shati moja likachukuliwa kutoka mapajani mwa msomaji bila yeye kuomba.

Redio hakucheka. "Ni tamu, sikatai. Lakini huyo mwandishi umejuaje kwamba hakutunga?"

Lilikuwa swali la haki. Bi Hakika akafunga kitabu, akachukua rula ya chuma ya fundi mkuu, akasema nyuma ya choo kuna kichuguu, twendeni.

Walitoka wote, subana za kushonea zikiwa bado vidoleni. Bi Hakika alikitoboa kichuguu ubavuni, akabandua kipande cha udongo. Wa kwanza kutokea walikuwa wenye vichwa vikubwa, wakajipanga ukingoni mwa tundu, taya wazi. Nyuma yao wakaja wadogo weupe, kila mmoja na chembe ya tope mdomoni. Wanawake wakachuchumaa. Shangazi akauliza vipofu wanajuaje pa kuziba. Bi Hakika akasema jibu liko mbele kitabuni, nao wakarudi ndani mbio, fundi mkuu akiwa wa kwanza.

Asubuhi, kabla vyerehani havijawashwa, walikwenda kutazama. Tundu lilikuwa limezibwa. Shangazi akagusa, akatazama unyevu kwenye kidole chake.

"Hakudanganya," alisema.

Ijumaa mapaja ya Bi Hakika yalikuwa matupu. Kitabu hakikuwa kimeisha, na wiki iliyofuata ilikuwa ya Redio. Fundi mkuu akauliza nani anataka stuli ihame, na hakuna aliyeinua mkono. Baada ya mchwa ilikuja volkano, na baada ya volkano mifupa. Shangazi alibishana na shemeji yake kuhusu mvua inakotoka, akamshinda, akaja kuutangaza ushindi huo kama harusi.

Bi Hakika alijitolea kumwachia shoga yake stuli nusu ya kila wiki. Redio akajibu kwamba yeye hagawani na wadudu, akachukua mkasi wake na riwaya zake, akahamia kwa washona mapazia upande wa pili wa soko.

Stuli ya dirishani ni ya Bi Hakika mpaka leo, na aliipata kwa haki. Ilimgharimu rafiki pekee aliyekuwa naye, na jioni anarudi nyumbani peke yake.