Nyimbo za Mama Truphosa

Winnie Oyoo anatengeneza kompyuta kwenye kibanda kimoja pale mtaa wa Igogo, na mashine yake mwenyewe inatumia mfumo wa Linux. Mama yake, Truphosa, alipoanza kuugua, Winnie alimrekodi nyimbo za Kijaluo, zile alizozoea kuimba akianika dagaa, akazihifadhi kwenye diski ya pili ya mashine hiyo. Mama alipofariki, Odero, kaka yake Winnie, alipiga simu kutoka nyumbani kwao Shirati.

"Uje na zile nyimbo. Watu wazisikie siku ya kumaliza matanga."

Kabla ya safari Winnie akaona asasishe mfumo, mashine isije ikagoma akaaibika mbele za watu. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta iliishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe: diski ya pili imeshindwa kufunguka.

Alijua pa kuanzia. Kwenye faili linaloiambia mashine ifungue diski zipi, alikuta jina la zamani, na mfumo mpya ulikuwa umeipa diski ile jina jingine. Akaweka namba ya utambulisho ya diski badala ya jina, akawasha tena. Bado. Sasa kosa lilikuwa baya zaidi: mpangilio wenyewe wa mafaili ulikuwa umeharibika.

Akainakili diski nzima kwanza, kisha akaendesha programu ya ukarabati kwenye nakala. Yakatoka mafaili yasiyo na majina, namba tupu. Akavaa spika za masikioni, akafungua moja baada ya jingine. Yote mikwaruzo mitupu, isipokuwa moja.

"Tokeni hapo, bata nyie! Winnie, huwaoni wanamaliza dagaa?" Halafu kicheko, halafu kikohozi kirefu.

Alimpigia Odero huku analia. "Kaka, nyimbo zimepotea. Nimebaki na mama anafukuza bata."

Odero akamwambia, "Njoo nayo hiyo hiyo."

Shirati waliisikiliza rekodi hiyo uani pamoja na majirani. Watu wakacheka, maana Truphosa ndivyo alivyokuwa. Kikohozi kilipoanza, wakanyamaza. Shangazi Rozina akajaribu kuimba wimbo mmoja wa marehemu, akafika katikati akakwama. Akawatazama wenzake. Maneno yaliyobaki hakuna aliyeyajua.