Boneti Nyeupe na Macho ya Mama Mkwe

Fenesi liliangukia gari la mke wangu kule Kinole, mchana kweupe, na hapakuwa na upepo wowote. Tulikuwa ndani tunakula. Tukasikia kishindo kimoja, kisha kimya, kisha kelele za kuku. Tulipotoka, boneti ilikuwa imebonyea katikati, rangi imebanduka hadi bati likaonekana, na fenesi lenyewe limepasuka na kuanza kunukia.

Mama mkwe alisimama akatazama kwa muda mrefu. Alikuwa anatazama fenesi.

"Lilikuwa bado," alisema. "Lingekaa kidogo tu lingeiva vizuri."

Mke wangu akauliza ni nani aliyenielekeza niegeshe pale. Nikainama kuokota vipande vya fenesi. Aliyenielekeza alikuwa mama yake, na mkwe hamshtaki mama mkwe mbele ya kuku wake. Tangu nimuoe binti yake, mimi na yeye tulikuwa hatujavuka salamu. Nasema shikamoo, anasema marahaba, anauliza habari za mjini, nasema nzuri, kisha kila mmoja anatafuta pa kutazama. Ndiyo heshima ya wakwe kule milimani, na kusema kweli ilinifaa, maana mimi si mtu wa maneno mengi.

Jioni tukateremka naye Morogoro. Ndicho kilichokuwa kimetupeleka: mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari alikuwa amekubali kulifanyia upasuaji jicho la kulia kwanza, la kushoto lisubiri. Alikaa kiti cha nyuma, upande wa mbali na mimi, na fenesi lililobaki akalipakata ndani ya kanga.

Mke wangu alitaka gari liende gereji. Mimi nikasema kupaka rangi boneti moja ni kazi ya nyumbani. Nina kibanda cha kuchapa kadi za harusi na mabango ya maduka, na mtu anayechapa kadi za harusi huamini kwamba hakuna nyeupe asiyoijua. Mke wangu akaniangalia, akasema, "Sawa. Lakini ni gari langu." Nikaona huo ni ushauri wa kawaida tu.

Fundi wa kunyoosha bodi aligonga bati mpaka likarudi karibu na umbo lake. Nikaileta boneti nyumbani, nikailaza juu ya stuli mbili uani, nikaanza kupiga msasa wa maji. Kazi ya msasa ni nyepesi kueleza na nzito kwa bega.

Mama, wakati huo, alikuwa ameshafanyiwa upasuaji na alitakiwa kurudi kuangaliwa. Gari lilikuwa zima, ila halikuwa na boneti, kwa hiyo tukaenda hospitali na injini ikiwa wazi. Askari wa usalama barabarani akatusimamisha.

"Boneti iko wapi?"

"Nyumbani, afande."

"Inafanya nini nyumbani?"

"Inakauka."

Akainama, akatazama injini, akatazama nyuma, akamwona mama na plasta yake jichoni. Akamwamkia shikamoo. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, nisimtembeze mgonjwa kwenye gari lililo uchi. Nikasema nimeelewa. Tukaendelea.

Ndani ya nafasi ya injini kuna kibati kidogo chenye namba ya rangi ya kiwandani. Niliinakili, nikaenda nayo kwenye duka la rangi za magari mjini. Dada anayechanganya rangi akaiingiza kwenye mashine, akaniambia ni nyeupe ya lulu: kwanza unapaka nyeupe ya chini, ikikauka unapitisha lulu, ikikauka unamalizia na klia ili ing'ae. Akauliza kama gari hulala ndani. Nikasema hulala nje.

"Basi hiyo namba ni ya siku lilipotoka kiwandani," alisema. "Jua limeshalibadilisha. Leta kitu cha gari lenyewe tulinganishe."

Nikamwambia nyeupe ni nyeupe. Akanihudumia kama nilivyotaka.

Niliazima kompresa ya kupulizia rangi kwa jirani anayepaka rangi makochi. Nilimwaga maji uani kutuliza vumbi, nikavaa barakoa, nikapiga rangi ya chini, nikapiga lulu, nikapiga klia. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na hewa ya jioni ilikuwa imetulia. Nilirudi nyuma hatua kadhaa nikaitazama. Ilikuwa nzuri. Nikamwita mke wangu aje aone.

Kabla hajatoka, kumbikumbi walitoka. Walitoka ardhini pembeni ya choo, wengi kupita maelezo, wakaruka juu, wakaona uwanda mweupe unaong'aa, wakatua. Waliotua hawakuruka tena. Walitembea kidogo, wakaacha mabawa, wakalala.

Mama alisikia, akatoka na sinia. Aliinama juu ya boneti, akagusa mmoja kwa kidole, akanusa kidole.

"Hawa hawaliki tena," alisema. Alisikitika kabisa. "Mmewaharibu."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu lisilo salamu tangu fenesi. Nikaomba radhi. Aliwaendea walio hai karibu na choo, na usiku ule tulikula kumbikumbi wa kukaanga na chumvi, sote watatu, bila mtu kuitaja boneti.

Nikaanza upya. Msasa, rangi ya chini, lulu, klia. Safari hii nilipaka saa za mchana na nikaziba lile shimo la kumbikumbi kwa bati. Ilipokauka nikaifunga kwenye gari, mke wangu akanisaidia kushika. Akazunguka gari mara moja, akakunja mikono kifuani. Kukunja mikono kwake nakujua.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani. Plasta ilishatolewa. Alikuwa na mchezo mpya: anafunika jicho moja kwa kiganja anatazama kitu, kisha anafunika la pili anatazama tena. Alikuwa ameshautazama mpapai, ndoo, binti yake, na picha ya ukutani. Sasa akalitazama gari.

"Kwa jicho hili la zamani, imefanana kabisa," alisema. Akahamisha kiganja. "Kwa hili jipya, boneti ni maziwa, gari ni samli."

Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nikaenda kusimama kando ya kiti cha mama, nikatazama. Ilikuwa kweli. Boneti ilikuwa nyeupe ya kuzaliwa, na gari lilikuwa na umanjano wa miaka ya jua ambao sikuwahi kuuona mpaka nilipouwekea kitu cha kulinganisha.

"Lakini mama," nikasema, "ni jicho gani tulifuate?"

Akafikiri. "Watu wengine wana macho gani?"

"Kama hilo jipya."

"Basi pole, baba."

Kesho yake nilifungua kifuniko cha tundu la mafuta, nikakipeleka kwa yule dada. Hakusema lolote kuhusu ziara yangu ya kwanza. Alitia tone la manjano, akakoroga, akajaribu kwenye kipande cha bati, akakiweka juani kando ya kifuniko, akakunja uso, akatia tone jingine dogo na chembe ya nyeusi. Nikarudi nyumbani na vipande kadhaa vya majaribio mfukoni.

Mke wangu alikuwa kazini. Kwa hiyo nilikaa barazani na mama, kiti changu mbali na chake kwa adabu, nikawa namwonyesha vipande kimoja kimoja. Ilibidi asogee. Kisha ilibidi nisogee. Mwishowe tulikuwa tumekaa bega kwa bega, tunashindana na mwanga.

"Hiki?"

"Hicho kimezidi samli."

"Hiki?"

"Hicho kina ugonjwa."

"Hiki, mama?"

Akakishika, akakiweka karibu na kifuniko, akafunika jicho la kushoto. "Hicho ndicho." Kisha, badala ya kunirudishia, akageuka na jicho lile lile jipya akanitazama mimi. Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia bati.

"Kumbe una mvi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Zimeanza lini?"

"Siku nyingi kidogo."

"Hakuna aliyeniambia." Akaendelea kutazama. "Na hilo kovu la kidevuni?"

"Nililipata utotoni. Baiskeli."

"Nilikuozesha binti yangu kwa sauti tu," alisema, na hakuonekana kujuta wala kufurahi. "Nilisikia sauti ya mtu mpole. Sura nilikuwa naona ukungu, na sikutaka kuwaambia watu."

Nikamuuliza kama anataka chai, akasema anataka, na aliponiona naingia jikoni mwenyewe akasema, "Mungu nisamehe, mkwe ananipikia chai," lakini ilipokuja akaipokea.

Boneti niliipaka mara ya tatu. Kwa mbele, na kwenye kivuli, imefanana. Jua likianza kuelekea magharibi, pale boneti inapokutana na madigadi ya juu ya gurudumu la kushoto, kuna tofauti ndogo ambayo ukiwa huijui huioni. Mimi naijua. Nilimwambia mke wangu kwamba tone moja tu la manjano lingemaliza kazi. Akasema nikigusa tena msasa, atahamia kwa dada yake na gari lake, na boneti ataniachia.

Asubuhi tuliyomrudisha mama Kinole, nilimfungulia mlango wa nyuma kama kawaida. Akapita. Akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akaketi kando yangu, akatengeneza kanga magotini. Mke wangu akatazama, akaingia nyuma. Kukaa nyuma ndani ya gari lake mwenyewe, hilo nalo lilikuwa jipya.

Tulipoiacha Mkuyuni na kuanza kupanda, mama alikuwa ameegemea mbele hadi pua inakaribia kioo.

"Kuna nyumba kule juu," alisema. "Ya bati."

"Ipo siku nyingi, mama," mke wangu akajibu.

"Ya nani?"

Mke wangu hakujua. Mimi pia sikujua. Mama akanigeukia.

"Simama, baba. Uliza."

Nikasimamisha gari, nikashuka. Kando ya njia palikuwa na mwanamke anauza ndizi. Nikamwamkia, nikamwuliza nyumba ile ya kilimani ni ya nani. Akaniambia ni ya fundi mmoja wa kushona, aliyeijenga kwa shida, na kwamba ana watoto wanne na mbuzi mkorofi. Nikarudi kwenye dirisha la mama, nikamweleza yote hayo, pamoja na mbuzi. Alisikiliza kwa makini, kisha akaelekeza kidole kwenye nyumba iliyofuata.