Ukishuka Kwenye Pwani ya Barafu

Tangu ijulikane hapa Garsen kwamba niliwahi kufanya kazi kwenye meli ya watalii katika bahari za barafu, nimegeuzwa ofisi ya safari. Mtu akialikwa na mwanawe aliye Ulaya, au akipata kazi melini kama nilivyopata mimi, huja kuniuliza abebe nini. Huwa nafurahi, maana napenda kuulizwa. Liko moja ninalomwambia kwanza, nitalifikia; kisha namwambia aache koti zito la kuringia. Vaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, na ya juu kabisa isipitishe maji wala upepo. Ya ndani isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hukugandisha. Viatu vijaribu ukiwa bado nyumbani, pamoja na soksi zake nene, visikubane. Chukua miwani ya jua, kwani theluji inaumiza macho kuliko mchanga wa saa saba mchana. Kula kabla ya kushuka pwani, na upite msalani pia. Usicheke, utanikumbuka.

Mimi mwenyewe nilikwenda bila kujua hata moja la hayo. Ilikuwa baada ya mvua za El Nino, mto Tana ulipofurika na shamba letu la Minjila likawa ziwa. Barabara ilikatika, nami nikawa navusha watu kwa mtumbwi wa baba, wagonjwa, mbuzi na magunia ya unga wa msaada. Maji yalipopungua, binamu yangu wa Mombasa aliyekuwa mpishi melini alinitafutia nafasi ya kufua nguo. Nyumba yetu ilikuwa imebebwa na mto, kwa hiyo hakuna aliyesema nisiende.

Matayarisho yalikuwa kichekesho. Mchuuzi mmoja wa mitumba alikuwa na koti kubwa lenye manyoya kolani, ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu angelinunua Garsen, naye alilitumia kufunikia mtungi wake wa maji. Nililinunua, nikalivaa sokoni adhuhuri ili nilizoee, jasho likinitoka mpaka miguuni. Jirani yetu, mama wa Kiorma aliyepoteza ng'ombe wengi kwenye mafuriko, alinitazama akatikisa kichwa.

"Ng'ombe yangu hapana kufa baridi, mwanangu. Nakufa maji," akaniambia. "Wewe nguo ikishika maji, toa haraka."

Nikamshukuru kwa adabu, na maneno yenyewe nikayaacha pale pale.

Wiki za kwanza sikuiona bahari. Niliona mashuka. Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio, na msimamizi alikwishatuonya kwamba atakayeshindwa kazi atashushwa bandari inayofuata arudi kwao. Siku moja, huko kaskazini kabisa ya Norwe, walipungukiwa na mtu wa kusaidia kwenye boti ndogo za mpira zinazowapeleka abiria nchi kavu. Nikanyosha mkono. Nilisema nimezaliwa kwenye mtumbwi, na sikuwa nimedanganya sana.

Mwenzangu Mfilipino, aliyeendesha boti, alinipa buti ndefu za mpira na agizo moja tu: nikae mpaka boti ipande kwenye kokoto, kisha abiria washuke taratibu.

Sasa kwetu mtoni, mwenye mtumbwi hamwachi abiria aguse maji. Ukikaribia ukingo unaruka wewe kwanza, unashika pua ya mtumbwi, na bibi kizee unamshusha mikononi. Ukikaa kitako umngoje ajishushe mwenyewe, utasemwa mpaka Nanighi, huko juu kabisa ya mto. Kwa hiyo nilipoona kokoto zimekaribia, mwili wangu haukuniuliza. Niliruka.

Maji yalinifika mapajani, buti zikajaa, pumzi ikanikatika. Hata hivyo nilikwishaishika boti, na abiria walikuwa wakinipigia makofi, ningeiachaje? Nikasimama pale wakishuka mmoja mmoja, wazee wengi wao, na kamera zao shingoni. Wa mwisho alikuwa bibi mfupi mwenye fimbo. Nilimbeba mpaka nchi kavu.

"Umelowa," akaniambia kwa Kiingereza cha kuokoteza, kama changu.

"Hakuna shida," nikajibu.

Mfilipino alitaka kunirudisha melini nikabadilishe nguo. Nikakataa, maana niliogopa kuonekana sifai. Nikafuatana na abiria kwenda kutazama ndege waliotaga kwenye majabali, buti zikigugumia maji kila hatua. Vidole viliuma vibaya sana, kisha maumivu yakaisha, nami, mjinga mie, nikafurahi. Nikadhani nimezoea. Muda si mrefu nikaanza kujikwaa mahali pasipo na jiwe.

Yule bibi aliniona. Alinikalisha juu ya jabali, akazivuta buti mwenyewe bila kuniomba ruhusa. Miguu yangu ilikuwa na rangi ya majivu. Akabonyeza vidole, akaniuliza kama nasikia. Sikusikia kitu. Alikuwa muuguzi ujanani, nilikuja kuambiwa baadaye. Alifungua koti lake, akainua sweta, akaiweka miguu yangu tumboni mwake, ngozi kwa ngozi, kisha akanifunika.

Niliona aibu ya kufa. Kwetu hata kumnyoshea mtu mzima mguu ni utovu wa adabu. Nikajaribu kuivuta, akaishikilia. Mfilipino alikuwa akizungumza na meli kwa redio, na jibu nililisikia wazi: miguu isipopata uhai, nipelekwe hospitali ya bandari inayofuata, halafu nyumbani. Nikafikiria kusimama kwenye mtumbwi. Mtumbwi unausikia kwa nyayo, unapotaka kulala upande nyayo ndizo zinazojua kwanza. Vidole vilivyoganda hukatwa, na asiye na vidole hawezi kuvusha mtu Tana, wala kulima kwenye tope la mpunga. Nikamwomba Mungu, kwa sauti, mbele ya wageni wote wale.

Kisha siafu wakaingia. Ndivyo nilivyohisi, siafu kila kidole, wote kwa pamoja. Nikapiga ukelele.

"Vizuri!" bibi akasema, akicheka huku machozi yakimlengalenga. "Piga kelele tena!"

Akatoa mfukoni soksi zake za sufu, kavu, zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki, akaziweka tayari pembeni. Tangu siku hiyo, soksi kavu ndani ya plastiki ndio ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayenijia, kabla ya koti, kabla ya miwani.

Nilitaka kumshukuru. Neno la kushukuru nililolijua kwa Kiingereza ndilo nililokuwa nikiwaambia watu kutwa nzima waliponikabidhi taulo chafu, nikaona haya kumpa hilo. Nikamwambia kwa Kiswahili, nikilia, "Mama, umenirudishia miguu yangu." Hakuelewa hata neno moja. Alijibu kwa lugha ya kwao kitu ambacho nami sikukielewa, akazidi kuibana miguu ile tumboni mwake, na mchanga wake wote, mpaka boti ilipokuja kutuchukua.